Mapanga Yaliyopakwa Mafuta

Kwa Mzee Mihayo,
Nyakahura,
Biharamulo.

22 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Kalista,

Shikamoo.

Kuna mlio mmoja uliokataa kunitoka masikioni. Ni mlio wa mabenchi ya mbao yakiburutwa juu ya sakafu ya saruji, yote kwa pamoja, na watu wazima wakiyageuza bila kusema neno. Unaanza kama mngurumo, halafu benchi moja lililochelewa linakwaruza peke yake, na baada ya hapo ni kimya. Nikiosha vyombo nausikia. Mtu akinisemesha nausikia, naomba arudie alichosema. Nimeona nikuambie hilo kabla ya kitu kingine, kwa sababu ndilo lililonifanya niketi kuandika.

Sasa nikusalimie kama inavyotakiwa. Habari za Masasi? Baba Mdogo anaendeleaje na mguu, anaweza kwenda shambani mwenyewe? Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu? Na Clever, mwambie nimesikia anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Namwombea, na baiolojia asiisome kwa kukariri.

Mimi mwili ni mzima, na Mama naye mwili ni mzima. Tunamshukuru Mungu. Nasema hivyo kwa moyo wote, usije ukafika katikati ya barua hii ukadhani nimemwacha. Sijamwacha.

Utashangaa kuona anwani ya Nyakahura badala ya Nyamiaga, na utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Hapa nipo kwa wazazi wa rafiki yangu Limi, nitafika huko. Kuhusu simu, ukweli ni kwamba kwenye simu mimi hukubali kila kitu. Uliponipigia wakati wa Pasaka ukaniuliza mbona sauti yangu imekuwa ndogo, nilijibu ni mtandao. Haukuwa mtandao. Kwenye karatasi naweza kuisema sentensi mpaka mwisho.

Nianzie kwenye msiba wa Baba, maana ulikuwepo. Matanga yalipoisha ulirudi kazini, mimi nikarudi chuoni Morogoro, ndugu wengine wakaenda kwao. Waliobaki na Mama ni wale wanawake wa Nyakisasa wenye vilemba vyeupe. Uliwaona ukaniuliza ni chama gani, nikakujibu sijui. Walikuwa watu wa kanisa linaloitwa Zizi la Asubuhi. Kila Jumamosi walikuja na majembe na mapanga, wakapalilia, wakapunguza machipukizi ya migomba, wakachota maji, wakaimba, wakapika, wakaondoka bila kuomba hata mkungu mmoja. Mama alianza kula tena. Alianza kucheka. Mtu akikuambia hawakututendea wema, usimkubalie.

Anayewaongoza anaitwa Eustakia, nao wote wanamwita Mama Mlezi. Ukimwaza kama mtu wa kupiga kelele utakosea. Sauti yake ni laini. Anaushika mkono wako kwa mikono yake yote miwili, anakumbuka hata kuku wako gani aliatamia mara ya mwisho. Sijamsikia akimfokea mtu. Niliporudi na shahada yangu ya kilimo nisipate kazi, nikawa nalala mchana na kukesha usiku, ni yeye aliyenitazama akaniambia, “Binti, umechoka.” Ilikuwa kweli, na hakuna mwingine aliyekuwa ameniambia. Nikaingia Zizi kwa miguu yangu mwenyewe. Mama alifurahi mpaka akatoa machozi.

Huko kuna jambo wanaloliita kusubiri neno. Mtu wa Zizi haamui jambo lake peke yake. Anampelekea Mama Mlezi, naye analipeleka kwenye maombi, kisha anakurudishia jibu: ndiyo, hapana, au bado. Hapana sikuwahi kuisikia ikitolewa. Bado ndiyo iliyokuwa nyingi. Mtu akikukataza, unajua umekatazwa. Unaweza kununa, unaweza kubisha, unaweza hata kutoroka. Lakini mtu akikuambia bado, unabaki umesimama mahali pamoja ukijilaumu kwamba huna subira.

Limi nilimkuta humo. Ni binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia hapa Biharamulo kutoka Shinyanga, naye alikuja Ngara kushona. Alitaka kwenda kusomea uuguzi. Bado. Gidioni, fundi pikipiki wa pale Nyamiaga, alitaka kuoa. Bado, mpaka mchumba wake akaolewa na mwingine. Siku moja tukiwa tunamenya ndizi alituambia, “Mimi bado yangu imeshazaa. Ina watoto wawili, na baba yao si mimi.” Tukacheka mpaka tukaegemeana. Halafu Gidioni akatazama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia, na kicheko kikatuishia wote kwa pamoja.

Mama Mdogo, sikufungwa mahali popote. Hapakuwa na kufuli. Nataka ulielewe hili, kwa sababu wengi wataniuliza mbona hukuondoka tu, na mimi mwenyewe nimejiuliza. Ilikuwa hivi. Kwanza nilipeleka mambo makubwa, kama kutafuta kazi. Kisha ya kati, kama kwenda kumsalimu Baba Mkubwa Habimana, ambaye amebaki Mkatoliki na Mama Mlezi alikuwa na wasiwasi naye. Kisha madogo: kusuka nywele, kusoma kitabu, kujibu ujumbe wa mtu niliyesoma naye. Vitabu niliambiwa vinanikausha, nikavifunga kwenye boksi. Hakuna aliyenilazimisha kulifunga. Nililifunga vizuri, kwa utepe wa gundi.

Siku moja Mama alinituma Kabanga kununua kitenge cha kushona nguo ya ibada. Unapajua pale mpakani, wabadilisha fedha wanakuita kutoka kila upande, mabasi yanapiga honi, kila mtu ana haraka. Muuzaji, mama mmoja kutoka ng'ambo Burundi, alinitandikia vitenge viwili, cha bluu na cha kijani, akaniambia nichague. Nikavishika. Nikavitazama. Nikamwomba anisubiri. Akasubiri. Wateja wengine walikuja wakanunua wakaondoka, mimi nimesimama. Mwishowe akasema, “Dada, hiki ni kitenge, si mume. Kikikushinda utakishonea mito.” Watu wakacheka. Sisemi kwamba nilikuwa sijaamua; sikujua ninapenda kipi, kama mtu aliyeulizwa jina akakuta halipo. Nikarudi nyumbani bila kitambaa, nikamwambia Mama vimekwisha.

Mwezi wa sita, mhadhiri wangu wa Morogoro aliniandikia. Kuna nafasi ya shahada ya pili, utafiti wa mnyauko wa migomba, gharama zote zimebebwa na mradi, na jina langu ndilo alilolitoa. Nafasi ingefungwa mwisho wa mwezi huu wa tisa. Wewe unajua ugonjwa huo ulivyoitesa Kagera. Unajua pia kwamba ndicho kitu pekee nilichowahi kukipenda bila kuambiwa nikipende. Nikampelekea Mama Mlezi. Akaishika mikono yangu, akafumba macho.

“Bado, binti yangu.”

“Mama Mlezi, nafasi yenyewe ina mwisho.”

“Ya wanadamu ndiyo yenye mwisho.”

Nilimshukuru. Hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka. Nilimshukuru, nikatoka, nikahisi nafuu.

Kilichonitikisa hakikuwa nafasi hiyo, kilikuwa mapanga. Kama nilivyokuambia, watu wa Zizi hulimiana kila Jumamosi, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kazi ya kusafisha migomba hufanywa kwa mapanga ya Zizi tu. Yanahifadhiwa kwenye nyumba ya sala huko Nyakisasa, na kila mwaka yanapakwa mafuta na kuombewa. Mapanga hayo hayapitishwi kwenye moto, hayaoshwi kwa sabuni wala jiki, kwa sababu wanasema kilichopakwa mafuta hakisafishwi na mwanadamu. Yanafutwa kwa kitambaa cheupe, basi. Yanatoka shamba hili yanaingia shamba lile, na utomvu wa mgomba wa shamba lililopita ukiwa umekauka kwenye makali.

Mimi nilikuwa nayabeba kama wengine. Mpaka Jumamosi moja, kwa mjane mmoja wa Nyakisasa, niliuona mgomba wenye majani ya katikati yaliyogeuka manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nikakata. Kwenye kidonda ukatoka usaha mzito wa manjano. Nikasimama pale na panga mkononi, na kichwa changu, Mama Mdogo, kichwa nilichokuwa nimekifungia kwenye boksi, kikaanza kufanya kazi kabla sijakipa ruhusa. Wiki zilizofuata nilipita njiani nikitazama. Mashamba ya watu wa Zizi, yale tuliyoyatembelea baada ya kwa yule mjane, yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine. Ya majirani wao wasio wa Zizi yamesimama kijani. Ugonjwa ulikuwa unatembea na sisi. Tulikuwa tunaubeba tukiimba.

Nilikwenda kwa Mama Mlezi peke yangu, kwa heshima, nikapiga magoti kumsalimu. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu husafiri kwa vifaa, na kwamba kuyapitisha mapanga kwenye moto baada ya kila mgomba kungetosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, “Haya umeyapata wapi, kwenye maombi au kwenye masomo?” Nikajibu kwenye masomo. Akasema, “Basi tusubiri neno.” Wakati tukisubiri neno, Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba letu.

Lile shamba unalijua. Baba alilipanda mwenyewe, akachimba mashimo siku za likizo akiwa bado mwalimu. Mama anakula kutoka humo, anauza kutoka humo, na mahitaji yake mengine yote yanatoka humo. Asubuhi ile niliwasha moto mwanzo wa shamba, nikaweka na beseni la maji yenye jiki. Walipofika wakiimba nikasimama njiani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka machache tu: “Karibuni. Ila naomba kila panga lipite motoni kwanza.”

Wimbo ukakatika. Gidioni alikuwa mbele. Alinitazama, akatazama moto, akainama taratibu akanyoosha panga lake. Mama Mlezi hakupaza sauti. Alisema tu, “Gidioni.” Akalirudisha.

Ndipo Mama akatoka jikoni na mikono yenye unga. “Nice, toka hapo.”

“Mama, wataliua shamba.”

“Hawa ndio walionifuta machozi. Wewe ulikuwa wapi?”

Nilikuwa chuoni. Alichukua beseni akalimwaga kwenye moto, na moshi ukatupita wote usoni. Wakaingia. Nilisikia mapanga yakikata majani mpaka mchana, nami nimekaa kwenye kizingiti nikijiuliza kama kweli ni kiburi. Sijifanyi kwamba nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na uhakika wa ugonjwa. Wa nafsi yangu sikuwa nao.

Jumapili nilisimamishwa mbele. Mama Mlezi aliniweka mkono begani akasema, kwa ile sauti yake, “Elimu imemwingia mtoto wetu kabla ya neema. Tunamgeuzia mgongo ili Mungu peke yake amtazame usoni.” Hiyo ndiyo adhabu yao, hakuna kipigo, hakuna tusi. Watu husimama, hugeuza mabenchi, hukaa wakitazama ukuta wa nyuma, na wewe unabaki umesimama mbele ya migongo. Yalipogeuka ndipo nilipousikia mlio niliokuambia. Benchi lililochelewa lilikuwa la Mama. Wanawake aliokaa nao walikuwa wameshashika ncha zao wakimsubiri, naye ameketi. Walisubiri. Kisha akasimama, akashika ncha yake.

Kuanzia hapo hakuna mtu wa Zizi anayeruhusiwa kukusemesha mpaka utubu. Masharti yangu yalikuwa mawili: nikiri mbele ya wote kwamba nilisema uongo juu ya mapanga, na niikatae nafasi ya Morogoro kwa kinywa changu mwenyewe. Limi hakuweza kuvumilia. Alinisemesha sokoni, waziwazi, na Jumapili iliyofuata wakamgeuzia naye. Baba yake, Mzee Mihayo, aliposikia, alikuja kumchukua kwa pikipiki. Yeye si mtu wa kanisa lolote. Walimwambia binti anasubiri neno. Akawajibu, “Mimi nina ng'ombe. Hata ng'ombe nikimfungulia asubuhi simwambii bado.” Akampakia yeye na cherehani yake.

Mimi nilibaki na Mama ndani ya nyumba moja. Haruhusiwi kunisemesha, lakini ni mama, na mtoto lazima ale. Kwa hiyo alikuwa anasema na kuku. “Kuku, mwambie anayehusika ugali upo mezani.” “Kuku, mvua inakuja, nguo zipo nje.” Mwanzoni nilitaka kucheka. Siku moja nilicheka kweli, na nikaona midomo yake ikitaka kucheka nayo; akageuka haraka akatazama ukuta. Baada ya hapo alipunguza hata kusema na kuku.

Mwisho wa mwezi wa nane ugonjwa ukaonekana kwetu. Mkungu mmoja uliiva kabla ya wakati, vidole vingine kijani vingine manjano. Mama aliukata, akaja nao mezani nilipokuwa nimekaa, akapasua ndizi moja kwa kisu. Ndani palikuwa na madoa ya kahawia, kama kutu. Akaiacha mbele yangu. Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mabenchi, na nikadhani sasa ndipo. Nikadhani ameona.

Alijifunga khanga akaenda Nyakisasa. Jioni alirudi na kibali cha kunisemesha.

“Mama Mlezi anasema uasi ukiingia ndani ya nyumba unaanza na kilicho shambani. Ukitubu, migomba itapona.”

“Na isipopona, Mama?”

“Itakuwa hukutubu vizuri.”

Nilifikiria, Mama Mdogo. Nisingependa udhani sikufikiria. Ilikuwa rahisi sana. Kusimama Jumapili, kusema maneno machache, mabenchi yanageuka kunitazama tena, Mama anacheka tena, tunakula pamoja. Mara ya kwanza ningesema bila kuamini. Lakini najijua. Nikiyarudia mara ya tatu ningeyaamini, na mara ya nne ningekuwa namfundisha mwingine. Ningekuwa mmoja wa wale wanaoshika ncha ya benchi. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko kukaa bila mama.

Asubuhi nilikwenda kwa Baba Mkubwa Habimana, nikamwomba anisaidie. Hakuniuliza mambo ya Zizi. Aliuliza tu, “Moto uwe mkubwa kiasi gani?” Tukaja na panga lake na langu. Tukawa tunakata mgomba mgonjwa usawa wa ardhi, tunayapitisha makali motoni mpaka utomvu unachemka, ndipo tunahamia mwingine. Maua dume ya migomba mizima, ambayo wadudu hupitishia ugonjwa, tuliyavunja kwa kijiti chenye panda, bila kuyagusa kwa chuma. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni muda wote. Hakutuzuia, hakutusaidia. Baba Mkubwa alipoomba maji, alimletea yeye kikombe, mimi hakuniletea. Baba Mkubwa akanywa nusu akanipa. Mama akaona.

Sehemu ya shamba itapona. Upande wa juu umeshaharibika, na nikiwa mkweli, watu wa Zizi wakirudi na mapanga yale kazi yetu yote itakuwa bure. Baba Mkubwa ameahidi kusimama njiani kila Jumamosi. Ana magoti mabovu lakini ana mdomo. “Waje,” alisema. “Mimi wakinigeuzia mgongo nitapata nafasi ya kuvuta tumbaku kwa amani.”

Nilipotoka na begi Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Nikapiga magoti, nikamwambia ninakwenda, na ninakokwenda. Ungo haukusimama. Akamwambia Baba Mkubwa, “Shemeji, mwambie Morogoro kuna mbu.”

“Mwambie mwenyewe, huyu hapa mbele yako.”

Akaingia ndani na ungo wake. Mlango hakuufunga. Nilisubiri kidogo pale uani, halafu gari la abiria likapiga honi barabarani.

Hapa kwa kina Limi wamenipokea vizuri. Mama yake, Kwandu, ananiita mwanangu kana kwamba tulianza zamani. Lakini sijapona, nisikudanganye. Leo asubuhi Limi aliniuliza chai au uji, nikatazama birika, nikatazama sufuria, mpaka akaacha kijiko akanitazama. Nikasema uji. Hata sasa sijui kama niliutaka. Nadhani itabidi nijifunze kutaka kama mtu anayejifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu, hatua mbaya na hatua nzuri, bila mtu wa kunishika kwapani.

Nina ombi moja tu. Mpigie Mama simu. Usimwambie arudi kwa Wakatoliki, usimseme vibaya Mama Mlezi, na usinitetee. Muulize habari za kuku, muulize habari za maharage. Wewe ni mdogo wake. Hakuna aliyemkataza kusema na wewe. Ninaogopa atabaki na watu wa aina moja tu wa kumwambia yeye ni nani.

Nisalimie sana Baba Mdogo, Clever, na Bibi Francisca jirani yako aliyenipa ile mbegu ya mbaazi. Kama Renatus atapita huko kutoka Lindi, mwambie dada yake anamkumbuka na hajamsahau kwa kutomjibu. Hakuwa na ruhusa ya kujibu. Limi na wazazi wake wanakusalimu, ingawa hawakujui. Mungu awalinde nyote, na awape mwaka wenye korosho nzito.

Kuna jambo sijakuambia, na nimeliacha makusudi mpaka hapa. Huenda tangu mwanzo unasubiri nikuulize, Mama Mdogo, nifanyeje. Jumatatu nilikwenda Biharamulo mjini na Limi, nikaingia kwenye duka lenye kompyuta, nikajaza kuithibitisha nafasi yangu. Mwenye duka alinionya kwamba nikishabonyeza hairudi. Nikabonyeza. Sikumwomba Mama Mlezi neno, na sikumwomba Mama wala Baba Mkubwa. Na unisamehe, hata wewe sikukupigia, ingawa namba yako naijua kwa kichwa. Ungenipa ndiyo, nina hakika, na ningekwenda Morogoro na ndiyo ya mtu mwingine. Tiketi nimekata. Basi linaondoka kesho asubuhi, na barua hii utaipata mimi nikiwa nimeshafika.

Mwanao mwenye mapenzi mengi kwako,

Nice